Shuka la Rehema Lililoonwa Kabla ya Siku Yake

Dodoma mjini,
Ijumaa, baada ya chakula cha mchana

Dada yangu Zuhura, shikamoo.

Hiyo ya kwanza ni yangu. Ya pili ni ya shemeji yako. Ya tatu ni ya huyo binti aliyesimama mlangoni kwako na begi, maana ana haya, huenda ameitamka ikaishia kooni. Anaitwa Neema, mpangaji wangu wa chumba cha uani, anasoma chuo kule Chimwaga. Kwao ni Kasulu, anakwenda likizo, nikamwomba akishuka kwenye treni apitie kwako Ujiji kabla ya kupanda basi la kwao. Mkaribishe ndani, dada. Mpe maji ya kunywa, mpe na ya kuoga, amekaa kwenye behewa siku nzima na usiku wake. Ndiyo, ni huyo huyo wa kamera. Usimfokee. Kosa ni langu na nitakueleza lilivyokuwa, ila kwanza na wewe ukae.

Umekaa? Haya. Mguu unaendeleaje? Bado unavimba ukisimama sana jikoni, au umeanza kuwaachia wengine masufuria? Najua hujawaachia. Na ule ukuta wa upande wa choo, ulishasimamishwa? Mimi hapa mzima, mwili umeongezeka, macho tu ndiyo yananichezea, nikitunga uzi mchana naona matundu mawili ya sindano, nachagua moja najaribu bahati. Baba Hidaya mzima. Bado yuko Kibaigwa kwenye mahindi, dalali wa magunia, anarudi Ijumaa mweupe kama kafufuka kwenye unga, anakoga, anakula, anaanza kunisimulia malori. Hata sasa hivi naandika yeye anakoroma hapo mkekani.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Neema alitaka kunichapia kwenye kompyuta itoke safi, nikamwambia hapana, mambo yangu na dada yangu hayapiti kompyutani tena. Kwa hiyo uvumilie mwandiko. Si unajua niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nilikuwa nachora maua pembezoni mwa daftari mpaka mwalimu akaniuliza kama nimeleta daftari au khanga.

Sitazunguka. Nina ombi moja tu. Nakuomba uniruhusu nije nitandike shuka la Rehema siku ya harusi yake. Nimesikia umesema atatandika jirani yako, yule muuza mawese. Nimesikia, na chai ikanipoa mkononi.

Kwetu ilivyo unajua wewe kunizidi. Shuka la bibi harusi linadariziwa na mama mdogo, halionwi na mtu mpaka siku yake, na mkono uliodarizi ndio unaotandika. La kwako alilidarizi mama mdogo Tatu, sisi wadogo tukachapwa fimbo kwa kuchungulia kwenye ufa wa mlango. La kwangu alilidarizi yeye yeye, keshazeeka, maua yote yakaenda upande mmoja kama yamepigwa na upepo, lakini nani aliyajua? Niliyaona mimi, na Baba Hidaya siku hiyo hakuwa na habari ya maua. Sasa zamu ikafika kwangu, mtoto ni Rehema, niliyemfundisha kushika sindano mimi mwenyewe nilipokuja kule kwenye arobaini ya mama, na mimi nikaharibu. Lakini nakueleza mwaka mzima ulivyokwenda, maana nikikueleza siku ile tu utaniona nimerukwa na akili.

Unajua tangu mashuka ya mtumba yajae sokoni, na yale ya Kichina yenye maua yaliyochapwa tayari, kazi yangu ilibaki kidogo sana. Foronya za maharusi, kitambaa cha redio, basi. Baba Hidaya naye shirika lao likawa limewapunguza, ndipo akaingia kwenye mahindi. Nikawa nakaa uani mchana na sindano yangu bila mtu wa kunituma. Na mchana wa Dodoma, dada, hujawahi kuuona. Jua likifika juu upepo unakata. Kuku wananyamaza. Mbuzi wa jirani yangu Mama Chilewa wanajibana kwenye kivuli cha ukuta kama watu wanaosubiri ofisi ifunguliwe. Vumbi lenyewe linakaa hewani halishuki. Hapo nasinzia, silali, nasinzia tu, sindano iko mkononi, na mambo yanakuja.

Mara ya kwanza niliona zabibu zimeota kwenye nguzo za umeme, zimetambaa kwenye nyaya mtaa mzima, na watu wanachuma wakiwa madirishani mwao, wananyoosha tu mkono, hakuna anayeshangaa. Nikashtuka, nikachukua shuka letu kuukuu, nikachora kwa penseli haraka haraka lisinipotee, nikaanza kulidarizi. Kwa ajili ya nani? Sijui. Wiki nyingine nikaona mbuzi wa Mama Chilewa wamepanga foleni kwa kinyozi, kila mmoja kavaa shuka jeupe shingoni, na wa mwisho anasoma gazeti. Nikamdarizi hadi miwani. Mama Chilewa alipoliona akacheka hadi akakaa chini, halafu akanuna, akaniuliza mbona mbuzi wake mweusi nimemnyima kiti. Wiki nyingine nikaona vilima vya huku vimeamka, vinajinyoosha, vinajifunika mawingu tena vinalala. Hilo nililipenda sana. Likawa shuka la kwangu na Baba Hidaya, na yeye anasema usiku anasikia vilima vinampiga teke.

Nikifua naanika. Neema anatoka chuoni, anapita kwenye kamba, anasimama. Siku moja akaja na kamera ya kuazima. Jumamosi iliyofuata akaniambia, mama, nimekuweka kwenye blogu. Nikamuuliza blogu ndiyo ugonjwa gani, na mimi sijaumwa. Akacheka, akanichukua hadi mjini kwenye duka la intaneti, akanikalisha mbele ya kompyuta. Dada yangu, nilikuta shuka langu mle ndani linawaka. Yaani uzi wenyewe unatoa mwanga, kama mtu kaweka kandili nyuma ya kitambaa. Zabibu zangu zile! Nikakigusa kile kioo, kijana wa duka akanikataza nisiguse.

Tukaiita Kamba ya Nguo, kwa kuwa kila picha ilipigwa kambani. Kila Jumamosi tunakwenda. Mimi nasema, Neema anachapa. Nikisema kumi anachapa matatu, tunagombana hapo hapo, watu wanatugeukia. Maana mimi siwezi kueleza shuka bila kueleza siku niliyolidarizi, na siku hiyo nani alipita, na aliyepita katoka kwa nani. Neema ananiambia kwa upole, mama, hili la mume wa mtu tusiliweke. Namwambia weka bila jina. Ananiambia mama, kwa jinsi ulivyomweleza, jina la nini tena?

Basi watu wakaanza kuandika chini yake. Hilo ndilo lililonipa uchizi. Mama mmoja yuko Maskati, asili yake huko huko Ujiji, akaandika kwamba ameona zabibu zangu amekumbuka dirisha la kwao. Kijana yuko nchi ya barafu akaandika kwamba ameishi huko miaka hajaona nguo imeanikwa nje, anaiangalia kamba yangu anasikia joto. Mwalimu wa Kibakwe alishuka na basi kutoka milimani huko, na maharage ya zawadi, kuja kuona mwenyewe, na siku hiyo kambani zilikuwepo suruali tatu za Baba Hidaya peke yake. Akaziangalia zile suruali kwa heshima kabisa. Na kuna mmoja hatumjui ni mwanamume au mwanamke, yuko wapi, kila Jumamosi lazima aandike neno moja tu, "Nimeona." Halafu basi. Nikaanza kumsubiri huyo kuliko wote. Nadarizi huku najiambia, hili naye ataliona.

Wakaniita msanii. Nilimsomea Baba Hidaya, nikarudia mara mbili. Akasema mjini msanii ni tapeli, niangalie wasije kunikamata. Lakini nilimsikia mwenyewe jioni anamwambia mtu kwenye simu, mke wangu ni msanii, muulize mtu yeyote mwenye kompyuta. Mwaka mzima nilitembea kama sikanyagi chini, dada. Naenda sokoni nanunua nyanya, mwenye nyanya hajui. Wanaonijua wote wako mbali, wako mle kwenye mwanga, hawana sura, hawana sauti, wanakuja wanasema neno zuri wanapotea. Ndivyo nilivyowaona. Kama watu unaowakuta ukisinzia.

Sasa ndipo ukanipigia simu kwamba Rehema ameposwa na Yasini. Nilipiga kigelegele Mama Chilewa akaja mbio na mwiko mkononi. Kesho yake nikanunua marekani mpya, nyeupe, pana, nikakaa nayo uani sijaitia hata doa la penseli, nikasubiri. Siku tatu hakikuja kitu. Siku ya nne nikaona nyumba yetu. Ile ya baba, ya Ujiji, imekuja Dodoma kwa treni. Imekaa kwenye behewa, upande wa dirishani, imetulia kama mgeni aliyekata tiketi. Na dirisha lake la mbele liko wazi, na mama amekaa dirishani, kapakata kapu lake, anaangalia nje huku nyika inapita. Hakuniangalia mimi. Alikuwa anaangalia njia tu, ana ile sura yake ya kuhesabu kimoyomoyo nani kala nani hajala.

Nililia kidogo. Halafu nikatunga uzi.

Kazi kama ile sijawahi kufanya na sidhani nitafanya tena. Nyika niliidarizi kwa nyuzi za rangi nne za udongo, ukiiangalia kwa mbali inakimbia. Asumini pembeni zote, na ndani ya majani yake nikaficha jina la Rehema na la Yasini, mpaka uinamishe shuka ndipo usome. Mama nilimalizia yeye mwisho. Mikono yake peke yake ilinichukua wiki nzima.

Nilipolifua nikajua halitakiwi kuonwa, na nililinda, dada, nililinda kweli. Nilifunga mlango wa uani, nikaweka na kinu nyuma yake. Upande wa Mama Chilewa nikaning'iniza khanga nne, kwa sababu Mama Chilewa ana shingo ndefu. Akaita kule ng'ambo, "Mbukwenyi," ile salamu yao ya Kigogo, ananichimba nimtokee, nikaitikia nimejibanza, sikutoka. Shuka likakauka peke yake na mimi nimekaa chini yake nalilinda kama maiti ya mtu mkubwa.

Hapo akatoka Neema chumbani kwake. Wiki hiyo Kamba ya Nguo ilikuwa inatimiza mwaka.

"Mama, Jumamosi hii tunatimiza mwaka," akaniambia. "Tuweke nini?"

Nikamwonyesha kwa kidevu, maana mdomoni nilikuwa na vibanio. "Weka hili."

"Si umesema hili halionwi?"

"Halionwi na watu. Hao wa mle ni watu? Umeshawahi kuwaona wewe?"

Akasimama na kamera yake, akaangalia khanga zangu nne, akaangalia kinu. Akasema, "Mama, mimi naona tungoje kwanza." Na mimi, mtu mzima, nikamwambia apige haraka jua halijahama.

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Jirani mmoja nilimwekea khanga nne, dunia nzima nikaifungulia mlango.

Jumamosi ikaanza vizuri, watu wakaandika mengi, wengine wakasema wamelia. Na yule wa kila siku akaandika, "Nimeona." Neno lile lile. Safari hii likanishuka mgongoni kama maji. Nikamwambia Neema tuondoke. Njiani nikamuuliza, hivi hawa wanaweza kumjua Rehema? Akasema, mama, ni watu.

Tukarudi siku hiyo hiyo, tukaliondoa. Lilikaa mle saa chache tu. Neema akanieleza tukilitoa sisi haina maana limetoka kwa waliokwisha kulichukua. Sikumwelewa, au sikutaka kumwelewa. Nikalikunja shuka, nikalituma kwako kwa treni, na sikukwambia kitu. Hilo ndilo kosa la pili, na kwangu ndilo kubwa. La kwanza lilikuwa ujinga. Hili la pili nilijua.

Yaliyofuata niliyasikia kwa Rehema kwenye simu ya Baba Hidaya. Kwamba wakwe walipokuja kuleta mahari, dada yake Yasini, yule anayefanya kazi Mwanza kwenye ofisi ya mashine za kuchapa, alitoa karatasi kwenye mkoba wake akaiweka mkekani katikati ya wanawake. Rangi zote zimo. Kwamba aliinamisha kichwa akasoma majina kwenye majani kwa sauti, halafu akasema, "Shuka tumeshalilalia kwa macho, wifi, sasa siku yenyewe utatuonyesha nini?" Na wanawake wakacheka, na Rehema akajifanya anacheka. Na wewe ukaichukua ile karatasi, ukamwona mama. Hukuwa umelifungua shuka, ulikuwa umelihifadhi kama inavyotakiwa. Ukamwona mama kwa mara ya kwanza mkononi mwa mtu baki. Ukainuka ukaingia chumbani.

Jioni ukanipigia. Nilikuwa nimeshaandaa maneno mengi. Ukasema, "Mwamvua, mama umemwanika," ukakata.

Halafu shuka likarudi na mtu wa treni, limekunjwa vile vile nilivyolikunja, halina hata kijikaratasi.

Dada, nitakwambia kitu ambacho hata Baba Hidaya sijamwambia. Sikuliweka mle kwa ule ujinga wa kudhani hao siyo watu peke yake. Hayo nilimwambia Neema. Mwenyewe najua niliweka kwa sababu nilikuwa nimelipenda. Nilikuwa nimekaa chini yake, linapeperuka kidogo juu ya kichwa changu, nikafikiri, hili litatandikwa siku moja, litalaliwa, litafuliwa kwa sabuni ya mche, watoto watalikojolea, na hakuna atakayejua kwamba mkono wangu uliwahi kufika hapa. Mwaka mzima nilikuwa nimezoea kuambiwa nimeona, nimeona. Nikataka kuambiwa na kwa hili. Basi. Ilikuwa siku ya Rehema, nikaifanya yangu.

Lilipolala kwangu wiki mbili nikalifungua. Nikalifumua. Nyumba, behewa, nyika, asumini, majina, uzi mmoja mmoja, na kufumua ni kazi kuliko kudarizi, mwenyewe unajua. Marekani ikabaki na matundu madogo madogo kila mahali, ukiiinua juani unaona nyumba yote iko pale kwa matundu tu. Mama sikumfumua. Mkono ulikataa. Nilimkata na dirisha lake, nikampiga pindo, amekuwa kitambaa kidogo. Neema anacho kwenye bahasha ya khaki. Hicho ni chako peke yako, hakuna mwingine mwenye nacho, kiweke unapotaka. Ukitaka kukifungia sandukuni kifungie. Ukitaka kukitazama, angalia kwenye kidole cha shahada, nilimwekea na kovu lake la kisu.

Kamba ya Nguo sijaifunga. Nilitaka kuifunga, na Neema alilia kuliko mimi. Jumamosi nne tukaweka picha ya kamba tupu. Chini nikamwambia achape hivi, wiki hii hakuna kitu, nimekosea kitu cha watu wangu, nakitengeneza. Wakauliza nini, wakauliza vipi. Sikujibu. Mama wa Maskati tu ndiye hakuuliza, aliandika, "Tengeneza, mwanangu." Kuanzia sasa nitaweka mbuzi, zabibu, vilima, na Mama Chilewa mwenyewe ananidai nimuweke amekaa kwenye kiti. Vya kwetu havitapanda tena mle.

Halafu nikanunua marekani nyingine.

Hili la pili, dada, nimelidarizi chumbani, mlango umefungwa, mchana mchana wakati watu wamelala. Na kusinzia nilisinzia, na mambo yalikuja. Safari hii nilivyoamka sikumhadithia mtu. Mimi! Unanijua mdomo wangu ulivyo, mama alikuwa anasema nikimeza mbegu ya limau jirani anajua kabla haijafika tumboni. Mama Chilewa alikaribia kuugua. Alikuwa anakuja kila siku na habari mpya ya kunibadilishia. Alinipa ya mke wa mwenye mashine ya kusaga, nzima, na mwanzo na mwisho. Alinipa ya yule karani wa bunge aliyepanga nyumba mbili mtaa mmoja. Nikazipokea zote, nikamshukuru, sikumpa kitu. Akaniambia nimekuwa mtu mbaya. Baba Hidaya akaja Ijumaa akakuta chumba kimefungwa, akakaa uani na magunia yake akauliza kama ameachwa. Nikamwambia subiri, akasubiri, masikini, alilala mkekani mchana mzima kama leo.

Nimelimaliza. Nimelifua ndani, nimelikausha ndani, chini ya kitanda upepo unapita. Nimelikunja upande wa kazi uko ndani, na kingo zote nne nimezishona kwa uzi mwekundu, mshono wa karibu karibu, hakuna pa kuingiza hata kidole. Liko kwenye mfuko wa kitambaa, Neema atakukabidhi. Wewe usilifungue. Rehema asilifungue. Dada yake Yasini akija na mkoba wake mwambie, "Haya, onyesha karatasi."

Anayetandika ndiye anayekata uzi. Kama ni mimi, nitumie neno kwa Neema, atarudi chuo likizo ikiisha na atapitia kwako tena, mwambie tu "aje." Nitapanda treni ya kwanza. Siji na maneno, siji na kamera, nitaingia chumbani, nitatandika, nitatoka kwenda kuosha vyombo. Na kama hutaki, usiniandikie sababu, mwambie "asije," nitaelewa, sitalia mbele ya watu. Basi huyo muuza mawese mwambie hivi. Mkasi uko ndani ya mfuko, kwenye kona, nimeufunga na kitambaa. Aanzie upande wa kichwani, nilipofunga fundo kubwa. Akate taratibu, asivute. Akimaliza kulikunjua, asilisimamie kulitazama, alinyooshe tu atoke, amwite Rehema. Wa kwanza awe Rehema. Zaidi ya hapo siwezi kusema. Natamani, dada, kalamu yenyewe inaniwasha hapa, naona kabisa ungefurahi wapi na ungenicheka wapi. Lakini sisemi. Hata wewe.

Nisalimie shemeji, mwambie mahindi Kibaigwa yapo, ila malori ndiyo hadithi, ataelezwa na mwenzake. Nisalimie mjomba mwenye duka la taa, na mkewe mdogo, na mkewe mkubwa, wa kwanza umsalimie mkubwa. Nisalimie shangazi wa pale msikitini, kama bado anadai sufuria lake ninalo, mwambie ninalo. Salamu kwa walimu wa madrasa, kwa mkunga aliyemzalisha Rehema, kwa wote wanaoniulizia na wasioniulizia. Hidaya anakusalimu, anasema shikamoo mama mkubwa, tumbo lake limeshaanza kuonekana, hilo nitakueleza siku nyingine kwa mdomo. Na Rehema umkumbatie. Usimwambie kitu, umkumbatie tu.

Ni mimi mdogo wako ninayengoja hapa Dodoma,

Mwamvua, Mama Hidaya

Huyo Neema naye hajaliona. Alibisha hodi mara mbili na sikumfungulia. Usimuulize kuna nini ndani, utamwonea bure.